Kipira Chekundu cha Thelma Fearon

Haya ninayotaka kuwasimulia hamtayasadiki, na msipoyasadiki sitanuna. Hata mimi niliyeyaona kwa macho yangu haya, ambayo kwa kuona hayana mpinzani bonde zima, kuna asubuhi naamka nayakataa. Lakini kweli ni kweli, na kazi yangu ni kuitia chumvi kidogo tu isije ikaoza. Huku milimani, kaskazini mwa Uingereza, penye kondoo wengi kuliko watu na mvua nyingi kuliko kondoo, yupo mwanamke anaitwa Thelma Fearon. Agosti iliyopita mwanamke huyo alipandishwa kileleni na mafungu mawili ya vipira mfukoni, akaamue jambo ambalo wakubwa wa dunia, wenye suti na maikrofoni, bado wanalitupiana kama kiazi cha moto.

Kwanza muijue mbio yenyewe. Kila mwaka, siku ya maonesho ya bonde letu la Skelderdale, kondoo wakishapewa riboni zao na akina mama wakishaanza kununiana kwa ajili ya keki, watu wazima na akili zao huvaa kaptula wakaukimbilia mlima wa Brant Knott, juu mpaka kileleni na kurudi. Njia hakuna. Kila mtu anapita anapopajua, na kuna koo zinaficha mapito yao kuliko watu wanavyoficha magonjwa. Sasa, kwa kuwa njia hakuna na ukungu upo, utajuaje kama mtu kweli amefika juu, hakujibanza nyuma ya jiwe akala sambusa yake akageuka? Ndiyo maana kileleni anakaa msimamizi mwenye vipira, vile vya kufungia barua. Mwanamume anapewa cha bluu, mwanamke chekundu. Ukishuka unakitupa mkebeni. Mkebe wa bluu, mkebe wa wekundu, na washindi wanahesabiwa kwa mkebe. Na ipo sheria ya kale ambayo hata kasisi haivunji: kilichotolewa juu hakibishaniwi chini. Huna kipira, hukukimbia. Unacho, yamekwisha.

Sasa Thelma. Ana miaka sitini na kitu, na hicho kitu ukimuuliza atakutajia bei ya mbolea. Mwembamba kama mpini wa jembe, na nywele zake za mvi huzikata mwenyewe kwa mkasi wa kunyolea kondoo. Hivyo nasema mimi. Yeye mwenyewe, ambaye hivi ninavyoandika amekaa ng'ambo ya meza ya jikoni kwangu, amekuja kulinda jina lake, na kila sentensi lazima nimsomee kwa Kiingereza, anakana. Aliolewa, mume akagundua kuwa mlima unapendwa zaidi yake, akahamia mjini kwa mwanamke mwenye magari mawili. Shamba la baba likauzwa. Akawa mpishi wa shule ya bonde mpaka watoto wakaisha na shule ikafungwa. Kwa hiyo ukimwuliza mtu wa hapa Thelma ni nani, hatasema mpishi, wala hatasema binti Fearon. Atakuonyesha kibao cha mbao kwenye baa ya Kondoo Mweusi, juu ya meko: rekodi ya wanawake, Thelma Fearon, na mwaka ambao nusu ya wanaokunywa bia chini yake walikuwa hawajazaliwa. Mungu hakumwachia kingine cha kutambia, basi alikuwa akikipangusa vumbi mwenyewe akidhani hakuna anayemwona.

Na vile vipira vyekundu, mjue, havikuwapo tangu enzi. Thelma alipokuwa msichana, mbio ilikuwa ya wanaume; wanawake walikuwa na keki. Baba yake alikuwa akisema miguu ya msichana imeumbwa kubebea ndoo. Binti akavaa kofia ya kaka yake, akajipenyeza katikati ya wanaume, akapanda. Alifika juu mbele ya wengi wenye ndevu. Mzee aliyekuwa msimamizi akachungulia chini ya ile kofia, akaufunga mfuko wake. "Wewe sina kipira chako," akasema. Thelma akashuka mkono mtupu, na chini wakatazama ule mkono, kisha wakatazama mawingu. Hakuhesabiwa. Mwaka uliofuata akapanda tena, akashuka tena mtupu. Na uliofuata. Watu wa huku huvumilia baridi, njaa na wakwe, lakini aibu mbele ya wageni hawaiwezi. Mwisho kamati ikanunua fungu la vipira vyekundu. Nchi nzima sijui ilikuwaje, ila katika bonde letu chekundu kililetwa kwa ajili ya mkono wa mtu mmoja.

Basi Agosti iliyopita, Imogen Dockray akaandikisha jina.

Imogen ni wa hapa hapa, shamba la Dockray, ukuta kwa ukuta na la akina Fearon. Bonde lilimwona akikua mvulana, likamwona akienda mjini, likamwona akirudi mwanamke: nywele mabegani, hereni, jina jipya, na ulimi ule ule mchafu. Watu waliyameza hayo upesi kuliko mnavyodhani. Tabu yao kubwa ilikuwa Kiingereza, ambacho kila ukimtaja mtu kinakulazimisha useme ni wa kike au wa kiume. Mwenyekiti wa maonesho, Wilf Hodgson, alikuwa akifika hapo anakohoa. Mimi mtu wa pwani, kwangu yeye ni yeye tu, nikatokea mstaarabu kuliko wote bila kutoa jasho. Dukani hakuna neno. Baa hakuna neno. Lakini mbio!

Maana Imogen anajua kukimbia, na aliyemfundisha ni Thelma. Alipokuwa mtoto mwenye majonzi asiyeweza kuyataja, alikuwa akija mlango wa jikoni kwa Thelma na kusimama tu hapo. Thelma si mtu wa kumpakata mtoto. Alimwambia, "Vaa viatu," akampandisha mlimani, na mwaka hadi mwaka akamwonyesha pito la akina Fearon: nyuma ya ukuta mbovu, ndani ya korongo kavu, chini ya mwamba unaofanana na pua ya Wilf. Hakuwa na mtoto wa kumrithisha. Akamrithisha huyo.

Na kuna Freya Bewsher, binti wa miaka ishirini na ushei. Huyu hukamua ng'ombe wa baba yake jua halijatoka, kisha hupanda mlima kabla ya kifungua kinywa. Ameshinda mbio za wanawake miaka ya karibuni, na bonde zima lilikuwa likisema mwaka ule ndio wake wa kuivunja rekodi.

Kamati ikakaa. Watu saba na birika la chai. Hapo ndipo mngecheka. Mtu wa huku atakwambia usoni kwamba kondoo wako ana miguu ya meza, lakini jambo lenye uchungu halisemi. Analizunguka kwa biskuti. Wakazungumzia choo cha kukodi. Wakazungumzia hema. Wilf akakohoa.

"Sasa, lile jambo la... la yule... la Dockray."

Mtu akaomba sukari na hatumii sukari.

"Wengine wanaona ni sawa," akasema Wilf. "Wengine wanaona si sawa. Na wote ni watu wazuri."

"Wazuri sana," wakaitikia.

"Hivi juu mwaka huu anakaa nani?"

"Thelma. Goti limemkataza kukimbia."

Uso wa Wilf ukang'aa kama aliyeona mlango wa dharura. "Basi Thelma yuko juu. Thelma ataona."

Wakati huo Thelma alikuwa nyuma akiosha vikombe. Anatoka na taulo mkononi, anakuta watu wazima wanagombea makoti.

"Mmeamua nini?"

"Tumekuamua wewe, mama," akasema Wilf, akatoka hata mwavuli wake akausahau.

Tangu hapo Thelma hakutulia. Aliosha madirisha yake, akahamia ya jirani. Alipaka lango lake rangi ya kijani, halikumpendeza, akalipaka tena kijani kile kile. Mbwa wake Moss, ambaye ana wazimu wa kutembea, ilifika hatua akimwona mama anagusa koti anaingia chini ya meza na kufumba macho. Akikaa anasimama. Akisimama hajui alisimamia nini. Chai yake ilikuwa ikipoa kila mahali ndani ya nyumba ile: dirishani, ngazini, moja nikaikuta juu ya mzinga wa nyuki.

Wa kwanza kuja alikuwa Freya, buti za zizini bado miguuni, hakutaka kuingia.

"Bi Thelma, mimi na Imogen hatuna ugomvi. Juzi kanichekesha baa mpaka bia ikanitokea puani. Lakini mwili ni mwili. Ule mwili umekua wa kiume, mapafu ya kiume, paja la kiume."

"Anasema vidonge vya homoni vimempunguza nguvu."

"Mifupa haimezi vidonge! Ningekuwa nakimbia na wewe ukanishinda, ningekuinamia. Ningekimbia na mwanamke yeyote wa kwetu. Lakini mimi naamka saa ambazo hata jogoo ananitukana, nakimbia na titi linauma na mwezi ukiniandama, halafu nikapitwe na mtu ambaye..." Akanyamaza, maana hakutaka kumtukana mwenzake. "Nani alipigania kipira chekundu? Wewe. Ili tuwe na mbio yetu, tusihesabiwe mkiani mwa wanaume. Ukikitoa kwa kila anayenyoosha mkono, ulikipigania cha nini?"

"Karibu chai, mwanangu."

"Sitaki chai."

Kukataa chai bonde hili ni kofi. Wote wawili waliusikia mlio wake. Freya akaondoka akitembea haraka, na Thelma akabaki ameshika birika mpaka mkono ukamwambia kwamba linaunguza.

Imogen akaja kesho yake, akamkuta Thelma langoni na brashi.

"Anti, rangi imezidi hapo kwenye bawaba."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Na sikuja kukuomba kitu."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukuomba kitu."

Wakacheka, na kicheko kikafa njiani. Imogen akachukua kitambaa akaanza kuipangusa ile bawaba.

"Ukinipa cha bluu sitakipokea," akasema. "Nitashuka mkono mtupu. Wewe unajua kushuka mkono mtupu kukoje."

"Usinifanyie hivyo, Imogen."

"Sikufanyii. Nakukumbusha."

"Unataka kushinda, au unataka kipira tu?"

Imogen akafikiri. Hapo ndipo ninapompendea, mtu huyu hana unafiki hata wa dawa. "Nataka kushinda. Nani anaupanda Brant Knott kwenda kusalimia? Wewe ulikuwa unasalimia? Zamani nilikuwa napanda nikipiga mluzi, anti. Siku hizi napanda nikitukana. Wananipima damu kama ng'ombe wa maonesho. Lakini usiniapishe kwamba nguvu zote za zamani zimeondoka, maana sijui. Na wao wanaonipima hawajui. Kila mmoja ana karatasi yake inayosema mwenzake mwongo."

"Freya anaamka kabla ya jogoo."

"Najua. Ndiye mtu pekee hapa ambaye kumshinda kuna maana."

Naye akaondoka. Thelma akalitazama lango, akalipaka tena.

Mmeona walivyomfanya? Wote wawili walimchapa kwa fimbo ya mwituni mwake mwenyewe. Hadithi moja ya mkono mtupu na kipira chekundu, mmoja anaishika huku, mwingine kule, na zote mbili zinaingia mfupani. Na chini ya hayo kulikuwa na dudu jingine ambalo Thelma hakumwambia mtu, ila lilimtembea usiku na mchana kama sisimizi ndani ya soksi. Rekodi. Imogen ni mtu wa kuivunja. Akimpa bluu, rekodi imepona walau kwa huyo, na watu watasema, "Thelma kakilinda kibao chake." Wacha watu. Yeye mwenyewe atajuaje? Atajuaje kama mkono wake ulikwenda kwenye bluu kwa haki, au kwa ajili ya ule ubao anaoupangusa akidhani haonekani? Na akimpa chekundu, atajuaje hakufanya hivyo ili tu asidhaniwe mchoyo?

Basi siku moja kabla ya maonesho, mchana, akaingia Kondoo Mweusi, akaburuta kiti mpaka kwenye meko, akapanda juu yake na bisibisi.

"Thelma," akasema Desmond mwenye baa, "hicho kiti hakikuwezi."

"Pesa ya kiti nimeiweka kaunta."

"Na hicho kibao si chako kukitoa."

"Kina jina la nani?"

Desmond akakisoma, kana kwamba huenda kimebadilika. "La kwako."

"Basi nishikie skrubu."

Akamshikia. Wanaume waliokuwa wakinywa wakainamisha macho ndani ya glasi zao kama watu walioingiliwa bafuni. Thelma akakitia kibao ndani ya koti na kutoka, na nakwambieni, hatua zake zilikuwa nyepesi mara ya kwanza tangu juma lianze. Akajiona amelimaliza. Kesho atakaa kileleni hana chake cha kulinda, na haki itajitokeza yenyewe kama jua.

Jua! Siku ya maonesho ardhi ilikuwa kavu na bonde limechangamka, lakini kichwa cha Brant Knott kilivaa ukungu mzito kama blanketi la hospitali. Thelma alipandishwa mapema kwa gari la Wilf mpaka gari liliposhindwa, akamalizia kwa mguu na goti lake likilalamika. Akakaa nyuma ya rundo la mawe la kileleni. Mfuko wa kulia wekundu, wa kushoto bluu, na ndani ya koti kibao kikimchoma mbavu. Akaketi, akangoja wepesi wa jana urudi. Haukurudi. Akasimama, akazunguka mawe. Akakaa. Akahamisha wekundu kushoto, bluu kulia, akavirudisha. Kumbe kibao kilikuwa kisingizio. Alikitoa njiani ili aone wazi, na alichokiona wazi ni Freya mlangoni na Imogen langoni, wamesimama pale pale, kila mmoja na ukweli wake, wala hakuna hata mmoja aliyekuwa amesogea nyuma ili mwingine apite.

Chini bunduki ya kuanzia ikalia, sauti ikapanda imechoka.

Wakafika wanaume kwanza, wanahema kama mivukuto. Bluu, bluu, bluu. Vidole vya Thelma vilikuwa vimekufa ganzi, akawa anavitoa vipira kwa meno. Kisha pakawa na kimya, na ndani ya kimya akasikia njumu zikikwaruza mawe, na pumzi, na matusi. Akajua ni nani kabla hajaona. Nyuma ya matusi kidogo, pumzi nyingine, ndogo, ya haraka, isiyokata tamaa. Akaijua nayo.

Imogen akatoka ukunguni, tope mpaka masikioni. Akasimama mbele yake, akanyoosha mkono. Na mtu huyo, ambaye ulimi wake ungewafukuza mbwa sokoni, hakusema neno. Hakumtazama hata usoni. Alitazama mawe, mkono uko wazi, mtupu.

Thelma akaingiza vidole mfukoni. Akakitoa kipira na kukileta karibu na macho yake akakitazama rangi, makusudi, ili asije mtu akasema ganzi ndiyo iliyochagua. Kilikuwa chekundu. Akakivisha kwenye ule mkono.

Imogen akageuka na kumezwa na ukungu. Hapo hapo Freya akafika, na Freya alikuwa ameona.

"Ndiyo hivyo?"

"Ndiyo hivyo. Nimeamua mimi. Usiseme ukungu."

"Umenipokonya, Bi Thelma."

"Huenda nimekupokonya. Kimbia, Freya."

Freya akakinyakua chake na kushuka kama jiwe lililosukumwa.

Kule chini tulisikia kelele kabla ya kuona. Walitokea kwenye mteremko wa mwisho wawili wakiwa wamekaribiana kiasi kwamba mate ya mmoja yalimwangukia mwenzake, na bonde zima lilipiga kelele bila kujua linamshangilia nani. Imogen akatupa kipira mkebeni, na kabla hakijatulia, cha Freya kikaanguka juu yake. Wilf akatazama saa. Akaitikisa. Akampa mtu mwingine aitazame. Wote wawili walikuwa wameivunja rekodi ya Thelma. Hata Imogen angebaki nyumbani siku ile anafua nguo, ubao ungekwenda. Ingawa Freya mwenyewe, ambaye ni mkweli, alisema baadaye kwamba bila yule mtu wa kumfukuza asingeshuka vile.

Wakashikana mikono, maana kutoshikana ni aibu, lakini Freya aliuachia upesi.

"Umekimbia vizuri," akasema. "Mwakani sikimbii na wewe."

"Mwakani njoo unipite," akasema Imogen.

"Hilo hasa ndilo ninalokwambia, na husikii."

Hakuna aliyebisha, maana kilichotolewa juu hakibishaniwi chini. Walichofanya ni kubishania kila kitu kingine mpaka leo. Desmond, mtu wa amani, alitaka kuchonga majina mawili kwenye kibao kipya. Freya akamjibu, "Sitaki nusu ubao." Imogen akasema, "Wala mimi." Kwa hiyo ukienda Kondoo Mweusi utakuta juu ya meko matundu ya skrubu na alama nyeupe ya mahali palipokuwa na jina. Watu wanapatazama, wanakohoa, wanaomba bia.

Na Thelma? Msidhani alitulia. Kuna siku anaamka anaona alitenda haki, na kabla chai haijaiva anaona alimdhulumu mtoto wa watu. Nilimwuliza siku moja, kwa uchokozi wangu, kama angepewa tena mafungu yale mawili. Akasema, "Kama nilikosea, nilikosea macho wazi, na halikuwa kosa la kunifaidi mimi. Zaidi ya hapo, Bari, niache nipake lango." Bari ndiye mimi; Mbaruku, jina langu kamili, liliwashinda kulibeba. Siku hizi, alfajiri, huteremka mpaka zizini kwa akina Bewsher na kusimama mlangoni, kama yule mtoto wa Dockray alivyokuwa akisimama kwake. Majuma mengi Freya alimpita kama nguzo. Juzi hapa hakumsalimu pia, ila alimtupia ndoo. Thelma akaibeba.

Lakini ninachowaficha tangu mwanzo, kile mtakachokataa kukisadiki, ni namna alivyoshuka mlimani siku ile. Mkimbiaji wa mwisho alipopokea kipira chake, Wilf alikuwa anamngoja garini. Thelma hakwenda garini. Alisimama kileleni peke yake, goti bovu, kibao ndani ya koti, akalitazama pito la akina Fearon ambalo alikuwa hajalikanyaga kwa miaka, akasema kwa sauti, "Sasa zamu yangu." Akashuka! Wazee wa hapa wanasema ukungu uligawanyika kumpisha. Alipita korongo kavu kama upepo, akampita mkimbiaji wa mwisho, akawapita watatu waliomtangulia, na alipofika ukuta wa Dockray, ukuta mrefu kuliko mlango wa kanisa, hakupunguza mwendo hata kidogo, akaruka, na alipokuwa bado angani kondoo wote wa bonde waliinuka kwa pamoja na kumpi...

"Bari."

"Nini tena, mama?"

"Ukuta wa Dockray unanifika kiunoni. Nilishuka kwa makalio, mpaka suruali ikatoboka, na sikumpita mtu. Na wewe utajuaje? Ulikuwa hemani, una krimu ya keki mpaka puani."